Kriketi, softiboli au raundasi: uanze na upi kwenye sekondari ya Nyanda za Juu Kusini?

Sekondari nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zina kiwanja kimoja cha soka, kimoja cha netiboli, na mwalimu wa michezo ambaye kazi yake hasa ni kufundisha jiografia au baiolojia. Mwalimu huyo akitaka kuongeza mchezo wa gongo na mpira, mbele yake kuna michezo mitatu: kriketi, softiboli (ndugu wa besiboli, wenye uwanja mdogo) na raundasi. Tumeilinganisha kwa kipimo kimoja kikubwa: darasa la wanafunzi 48, vipindi viwili mfululizo vya jumla ya dakika 80, kila mmoja atagusa mpira mara ngapi? Mchezo unaomwacha mtoto amesimama pembeni nusu saa haumalizi muhula, hata kama vifaa vyake vililetwa bure.

| | Kriketi | Softiboli | Raundasi |
|---|---|---|---|
| Umbali | Mita 20.12 kati ya wiketi na wiketi (vijiti anavyolenga mrushaji). Wanaoanza mita 16 | Mita 18.29 kati ya besi na besi (vituo vya kukimbilia) | Mita 12 kati ya nguzo na nguzo, ya tatu hadi ya nne mita 8.5 |
| Wachezaji | 11. Wanaoanza 8 | 9 | Hadi 9 uwanjani |
| Mpira rasmi | Gramu 156–163, mgumu | Gramu 178–198, mzingo sm 30.5 | Gramu 70–85 |
| Gongo | Bapa, hadi sm 96.5 | Mviringo, hadi sm 86.4 | Mviringo, hadi sm 46 |
| Kudaka kwa mikono mitupu? | Ndiyo, kwa mpira wa tenisi | Hapana, kwa mpira rasmi | Ndiyo |

Raundasi: unaweza kuanza leo mchana

Mrushaji anasimama mita 7.5 kutoka kwa mpigaji na kurusha mkono ukiwa chini ya bega, mpira upite kati ya goti na kichwa. Mpigaji anapewa mpira mmoja tu mzuri. Apige au akose, lazima akimbie. Kanuni hiyo ndiyo inayoufanya mchezo uende haraka, maana hakuna mtu wa kusimama akichagua mipira. Akifika nguzo ya nne kwa pigo lake mwenyewe kabla mpira unaofuata haujarushwa, timu inapata raunda moja. Akifika nguzo ya pili, nusu. Mdakaji mwenye mpira akiigusa nguzo ambayo mkimbiaji anaielekea, mkimbiaji ametoka.

Kiwanja kimoja cha soka kinabeba viwanja viwili vya raundasi, kimoja kwenye kila nusu. Wanafunzi 36 wanacheza, 12 waliobaki wanaamua na kuandika alama, na mnabadilishana kila dakika kumi.

Matatizo yake ni machache na yanajulikana mapema. La kwanza ni gongo kurushwa: mtoto akishapiga anaachia gongo likiwa bado kwenye mzunguko, na linampata aliye kwenye foleni. Chora mstari mita 5 nyuma ya mpigaji, foleni ikae huko, na anayerusha gongo ahesabiwe ametoka hata kama amepiga vizuri namna gani. Ukisamehe mara moja, umeifuta sheria. La pili ni nguzo. Usichomeke fito zilizochongoka. Simamisha fimbo ya mita 1.2 kwenye debe au ndoo ya mchanga, na ncha ya juu uifunge kitambaa. La tatu ni gongo lenyewe. Mpini wa jembe uliokatwa unaonekana kufaa, na unene wake kweli hauna shida, ila uzito mara nyingi unapita gramu 370 zinazoruhusiwa. Paini iliyokauka inatosha kwa mpira mwepesi.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba ngazi zake zinaisha mapema. Mwanafunzi mwenye kipaji atakuuliza kidato cha pili anaelekea wapi, na hutakuwa na jibu. Raundasi inachezwa zaidi katika shule za Uingereza na Ireland. Kriketi, besiboli na softiboli zimo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028.

Softiboli: tamu, lakini glavu zitakubana

Upande huu una mfano nchini. Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kufunguliwa mwaka 2018, na sekondari zimekuwa zikishindana katika mchezo huo kwa miaka kadhaa. Softiboli inafaa zaidi kwa wanaoanza kwa sababu ya nafasi: besi za besiboli zinaachana mita 27.43, na kiwanja cha shule kilichobanwa na bweni upande mmoja na bonde upande mwingine hakiwezi kuumeza mchezo huo.

Kinachoiangusha softiboli shuleni ni mrushaji. Urushaji rasmi, mkono ukizunguka duara zima kutoka mita 13.11 kwa wasichana, unahitaji miezi ya mazoezi. Mrushaji mchanga anatupa mipira minne mibovu, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, anakuja mwingine, naye anatembea. Dakika ishirini zinakwisha bila mpira kuguswa na gongo, na walioko mbali uwanjani wameshakaa chini wanang'oa majani.

Kuna dawa mbili. Moja ni urushaji wa taratibu, ambapo mpira unapanda upinde wa kati ya mita 1.8 na 3.7 kutoka ardhini na kumshukia mpigaji. Ya pili, ambayo tunaipendelea kwa mwezi wa kwanza, ni kibweta: bomba la plastiki la inchi mbili lililosimamishwa kwenye ndoo ya zege, juu yake kipande cha mpira wa rejeta, kimo cha kiuno cha mpigaji. Mpira unakaa juu, mtoto anapiga mpira uliotulia. Zamu iishe timu nzima ikishapiga, badala ya kusubiri watu watatu watoke. Vinginevyo timu dhaifu itakaa uwanjani mpaka kengele ilie.

Glavu ni hesabu nyingine. Mpira wa softiboli una jina la ulaini lakini hauna ulaini wowote, na bila glavu tisa kwa walio uwanjani, pamoja na kinyago cha mdakaji wa nyuma, usiutumie. Wanaotumia mkono wa kushoto kurusha wanavaa glavu kulia, kwa hiyo katika tisa weka angalau mbili za namna hiyo. Michango ya vifaa kutoka nje mara nyingi huja na glavu za wanaotumia kulia peke yake. Kama hamna glavu, chezeni kwa mpira wa tenisi na msione aibu.

Besi msizitengeneze kwa viroba vilivyojazwa mchanga. Mguu unateleza juu yake na kifundo kinapinda. Kipande bapa cha mpira au cha mkeka mgumu, sentimita 38 kwa 38, kinatosha.

Tena kuna jambo moja la kanuni linalowachanganya wote: lini mkimbiaji anatolewa kwa kugusa besi tu, na lini lazima aguswe yeye mwenyewe. Akiwa amelazimika kuondoka kwa sababu aliye nyuma yake anaitaka besi yake, inatosha kugusa besi anayoiendea. Kama hakulazimika, aguswe kwa mpira au kwa glavu yenye mpira ndani. Fundisha hili wakitembea kwenye besi za chaki, bila mpira, mara kadhaa, ndipo uwakimbize.

Kriketi: inaogopwa kwa sababu isiyo ya kweli

Kriketi inaogopwa kwa sababu watu wameiona kwenye televisheni: nguo nyeupe, helmeti, mechi ya siku nzima. Kriketi ya wanafunzi haina hata kimoja cha hivyo. Ina mpira wa tenisi, gongo la paini, na mfumo wa jozi unaomaliza mchezo kwa takriban saa moja.

Mfumo wenyewe ni huu. Kila timu ina watu 8, yaani jozi nne. Kila jozi inapiga ova mbili (ova ni mipira sita), yaani mipira 12, na inabaki ndani hata ikitolewa. Timu inaanza na alama 200. Kila anayetolewa anaipunguzia timu alama 5 na wawili hao wanabadilishana upande. Ova ni nane kwa kila timu, kwa hiyo kila mtoto anarusha ova moja kamili. Mpira mpana, yaani uliopita mbali mno na mpigaji, unaipa timu inayopiga mikimbio 2 (alama mbili) na haurudiwi, isipokuwa katika ova ya mwisho. Jumla ni mipira 96. Hakuna anayetolewa kwa mpira wa kwanza akakaa chini ya mti mpaka jioni, na hilo ndilo linalowaudhi wanaoanza katika kriketi ya kawaida.

Kiwanja cha soka cha mita 100 kinaingiza njia tatu (njia ni ukanda kati ya wiketi mbili) sambamba, zikiachana kama mita 30. Wote warushe kutoka upande mmoja, ili wapigaji wote waelekee upande mmoja. Watu 16 mara tatu ni 48, darasa zima. Softiboli haifikii hapo.

Gongo mnaweza kutengenezewa na fundi seremala yeyote, na hapa Nyanda za Juu Kusini zina bahati: paini kutoka misitu ya Sao Hill imejaa kwenye vibanda vya mbao vya Mafinga. Mbao ya mbili kwa nne ina upana wa karibu sentimita 10, na sheria inaruhusu gongo hadi 10.8. Kata sentimita 80 kwa kidato cha kwanza. Mpini sentimita 28, uchongwe mviringo wa kipenyo cha sentimita 3 na nusu hivi; bapa 52. Bapa libaki na unene wa sentimita 4 katikati nyuma, lipunguzwe kwa randa hadi 2 pembeni. Uzito usizidi kilo moja. Bega, pale mpini unapokutana na bapa, usilikate kwa pembe ya mraba. Lishuke kwa mteremko, kwa sababu nyuzi za mbao zilizokatwa ghafla ndipo gongo linapovunjikia. Mbao yenye jicho mahali hapo iache. Mbao mbichi nayo iache, ni nzito na itapinda. Mkaratusi ni mgumu lakini gongo lake linakaribia kilo moja na nusu, na mtoto wa miaka 14 atalipiga kwa mabega badala ya mikono. Piga msasa, kisha vuta kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya mpini.

Wiketi ni vijiti vitatu vya sentimita 71, upana wote kwa pamoja sentimita 22.9. Kuanzia Julai udongo mwekundu unakuwa mgumu hata nyundo inakataa, basi toboa matundu matatu kwenye kipande cha ubao mzito na usimamishe vijiti humo.

Kazi ngumu ya kriketi ni kurusha kwa mkono ulionyooka. Watoto waliokua wakicheza rede wana shabaha nzuri sana, hasa wasichana, ila wanarusha kwa kukunja kiwiko, na kriketi inakataa kiwiko kinachokunjuka wakati wa kurusha. Wasimamishe ubavu ukielekea wiketi, mkono wa mbele juu, mkono wenye mpira uanzie chini nyuma ya paja, uinuke na upite ukigusa sikio, mpira uachiwe juu kabisa. Kwanza wakiwa wamesimama, halafu hatua moja, halafu tatu, mbio mwishoni. Mpira ukidunda miguuni pa mrushaji, ameuachia kwa kuchelewa. Ukipita juu ya kichwa cha mpigaji, ameuachia mapema. Chora kisanduku cha chaki mita 2 hadi 4 mbele ya mpigaji, ndipo mpira udunde. Anayeshindwa kabisa muhula wa kwanza arushe kwa mkono wa chini, mchezo usisimame kwa ajili yake.

Rede ina faida nyingine: kulenga wiketi ukiwa unakimbia. Shule yenye wasichana wanaocheza rede bwenini itawatoa wakimbiaji wengi kwa njia hiyo kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Upigaji unaharibika kwa mikono. Anayetumia kulia anaweka mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini, karibu na bapa. Wengi wanaipishanisha kinyume na gongo linageuka mkononi. Kwenye softiboli ni vilevile, mkono wa kulia ndio unaokaa upande wa kichwa cha gongo. Tofauti ni kwamba gongo la kriketi linashuka wima kama pendulo na la softiboli linapita mlalo. Na ukifundisha michezo yote miwili, tegemea mkanganyiko huu: wa softiboli watatupa gongo wakianza kukimbia, na kwenye kriketi gongo ndilo linalotangulia kugusa ardhi nyuma ya mstari. Wanatolewa kwa nusu hatua.

Sheria ya mguu mbele ya wiketi (mpigaji kutolewa kwa kuuzuia kwa mguu mpira unaokwenda kwenye wiketi) iache mpaka muhula wa pili. Inazua ubishi ambao mwamuzi wa kidato cha tatu hawezi kuumaliza.

Mwinuko, mvua na mahindi

Miongozo ya michezo hii haikuandikwa kwa mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mbeya ni nyepesi, na mpira uliopigwa juu unaenda mbali kuliko unavyoenda Dar es Salaam. Denver ya Marekani, ambayo kimo chake ni karibu sawa na cha Iringa mjini, inafahamika kwenye besiboli kwa sababu hiyohiyo. Wadakaji wa mbali warudi nyuma hatua chache. Mpira mpya wa tenisi nao unadunda juu mno hapa, hasa kwenye zege: unamfika mpigaji kifuani na anafunga macho. Tumia mipira iliyochakaa, au toboa mpya kwa sindano upunguze upepo. Zungusho moja la tepu ya umeme linaufanya uende chini zaidi na kwa kasi, lakini hilo ni la waliokwisha kuzoea.

Njombe na Makete, Juni na Julai, asubuhi si muda wa kudaka chochote. Vidole vimekufa ganzi, umande umeulowesha mpira hadi umekuwa mzito. Pangeni saa tisa alasiri. Kuanzia Novemba hadi Aprili, alasiri hiyohiyo ndiyo ya mvua na radi; ngurumo ya kwanza ikisikika, uwanja uachwe na wote waingie ndani, wala si chini ya mti. Makambako ina upepo mkali, na mpira mwepesi wa raundasi huyumba sana huko kiasi kwamba kriketi ya tepu inakuwa na nafuu.

Mahindi yakishafika kiunoni kuzunguka uwanja, mpira unaoingia humo umepotea, au unatafutwa dakika kumi na mimea inakanyagwa na mwenye shamba anakuja kwa mkuu wa shule. Wekeni sheria ya nyumbani: anayepiga moja kwa moja hadi mahindini anapata mikimbio sita na ametoka. Watajifunza kupiga chini. Kwa kipindi cha mvua hamishieni kriketi kwenye uwanja wa zege wa kikapu kama upo. Urefu wake wa mita 28 unatosha njia nzima na nafasi ya kukimbilia.

Kama hamna uwanja kabisa

Zipo shule za Mbeya zilizokaa ubavuni mwa mlima, ambako mpira ukikupita unaufuata mtoni. Hizo zifikirie Besiboli 5: watu watano kila upande, uwanja wa mita 21 kwa 21, besi kila mita 13, mpira wa raba unaopigwa kwa kiganja. Pigo lazima lidunde ndani ya uwanja. Likivuka uzio bila kudunda, mpigaji ametoka. Gongo halimo, lakini inafundisha besi vizuri kuliko softiboli yenyewe, na imo kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, wavulana na wasichana katika timu moja.

Tungechagua hivi

Shule ya kutwa yenye darasa kubwa na kiwanja cha kawaida: raundasi wiki nne, kisha kriketi ya jozi. Usikae kwenye raundasi muhula mzima, watazoea kufumba macho na kukimbia. Shule ya bweni ya wasichana yenye mtu wa uhakika wa kuleta glavu: softiboli, kwa kibweta kwanza. Pasipo glavu, rudini kwenye kriketi. Anzeni Januari au baada ya likizo ya Juni, maana katikati ya hapo maandalizi ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya sekondari) yanamchukua mwalimu na kiwanja vyote viwili.

Kuhusu njia ya mbele, kriketi ndiyo yenye ngazi iliyo wazi zaidi: timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 19 ilifuzu mwaka 2025 kwa Kombe la Dunia la 2026 lililopangwa Zimbabwe na Namibia. Mashindano makubwa ya ndani yako Dar es Salaam, kwenye viwanja kama Gymkhana na Annadil Burhani, na kutoka Mbeya huko ni mbali. Nauli iingie kwenye bajeti kabla ya sare.

Mpira mgumu wa kriketi usiingie shuleni kwa sababu tu kuna mtu amewapa boksi. Uingie pale tu mnapokuwa na helmeti zenye wavu usoni kwa wapigaji wote wawili na mlinda wiketi, pedi, glavu, kikinga cha sehemu za siri, na njia isiyo na mashimo wala kokoto, kwa sababu mpira wa gramu 156 unaodunda kwenye kokoto haurudi pale mpigaji anapoutegemea. Mpaka hapo, mipira tisa ya tenisi inatosha njia tatu, mitatu kwa kila moja, na muwe na mingine sita kabatini.